Ada ya Msimamizi

Grr. Grr. Grr. Simu ilikuwa ikitetemeka juu ya sinia, gizani, na vikombe vilivyosahauliwa hapo tangu jana vikawa vinagongana kwa adabu, kama wageni wanaosukumana mlangoni. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Mwanasha alinyoosha mkono bila kufumbua macho, akaikamata simu kabla haijaanguka, akaifunika kwa pindo la leso ili mwangaza usimwamshe mumewe.

"Nimeshaamka," akasema Swabir.

"Lala, baba Twaiba. Ni Nassir tu. Ametuma pweza."

"Pweza."

"Picha ya pweza. Anataka niidhinishe kabla hajafika sokoni."

Swabir aliketi kitandani. Alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, wa kuzungumza na mashine zaidi ya kuzungumza na watu. Lakini alfajiri ile hata friji ingemwogopa. "Sikiliza, mke wangu. Juzi ulikurupushwa na mtu aliyepoteza bata. Jana ukakurupushwa na mtu aliyemwona bata. Leo pweza. Hao wote wanakulipa nini?"

"Wananiambia ahsante."

"Ahsante hupikwa vipi? Ya nazi au ya kukaanga? Maana jana tumekula wali mweupe. Kitoweo chote kimeingia ndani ya simu, kikawa bando."

Ilikuwa kweli. Jukwaa la mtandaoni alilolisimamia Mwanasha liliitwa Soko la Ukunda. Kutoka Kona ya Musa mpaka Lunga Lunga, mtu mwenye kuku wa kuuza, chumba cha kupangisha, mtoto aliyepotea au ugomvi na jirani alikwenda kuandika humo, na kila kilichoandikwa kilipita mikononi mwa Mwanasha kwanza. Yeye ndiye aliyefuta matusi. Yeye ndiye aliyewafungia matapeli. Yeye ndiye aliyewapatanisha wanawake wawili waliokuwa wakigombea jina la mchanganyiko wa achari. Na lipo jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwa mtaa alikuwa mama Twaiba, kwa mwenye nyumba alikuwa mke wa fundi, lakini humo jukwaani watu walimwita Mwanasha. "Mwanasha tusaidie." "Mwanasha aamue." Kila alipolisoma jina lake, aliketi wima kidogo.

"Mimi sina ubaya," Swabir akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshalainika. "Kama ni kazi, walipe. Kama si kazi, waache tulale. Mpaka Ijumaa. Wasipolipa, warudishie jukwaa lao."

"Na kama siwezi kuwarudishia?"

"Basi tutakula picha za pweza."

*

Kache alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi mwenzake, msichana wa Kigiriama aliyefua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na asubuhi ile alikuwa amepitia kwa Mwanasha akielekea kazini, sare yake imekunjwa ndani ya mfuko.

"Picha za pweza! Mumeo ana maneno, dada."

"Usicheke, Kache. Mwenzio naachishwa jukwaa."

"Hutaachishwa. Tatizo lako wewe ni kwamba unaomba kama mtu anayeomba radhi. Nakumbuka ulivyowaandikia mwezi uliopita. 'Samahanini wapendwa, naomba kuuliza, kama haitawakera.' Nani atakulipa kwa barua kama ile?"

"Walijibu."

"Walijibu nini?"

"Mmoja alisema Mungu atanilipa. Mwingine akaniuliza kama nauza mkaa."

Kache akatikisa kichwa. "Leo wewe goma. Zima simu. Huendi popote?"

"Nakwenda Msambweni kumtazama wifi yangu, amejifungua. Nitarudi alasiri."

"Vizuri kabisa. Zima simu, ukamtazame mzazi, unywe uji wao. Wakikukosa siku moja watakujua wewe ni nani. Hilo la kuwaambia walipe niachie mimi. Naliweka juu kabisa, peupe, na sitaruhusu mtu kuandika chini yake, maana ukiwaachia nafasi wataanza kuuza mkaa."

"Usiwatukane, Kache."

"Sitatukana. Nitaandika maneno machache tu." Akamtazama rafiki yake kwa upendo. "Na nitaweka ile picha yako ya harusi."

Mwanasha aliizima simu, akaitumbukiza chini kabisa ya mkoba, chini ya nguo za mtoto. Akahisi wepesi wa ajabu mabegani, na hatia kidogo, kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

*

Msambweni kulikuwa na mtoto mchanga, uji wa pilipili manga na wanawake wa kucheka nao. Mwanasha aliporudi alasiri, Twaiba amemlalia begani kama gunia dogo la mchele, alikuwa amesahau kabisa kwamba duniani kuna pweza.

Alipoikaribia nyumba yao pale Mvindeni, aliona viatu.

Viatu vilikuwa vingi mno. Kandambili, viatu vya ngozi, makubadhi, vimezagaa mlangoni pa ua. Ndani ya ua, ambao walishirikiana na wapangaji wenzao, mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanawake wameketi upande huu wamejifunika, wanaume upande ule kwenye mabenchi, na sufuria kubwa la chai lilikuwa mekoni. Jirani zake wote hawakuonekana.

Ni msiba, akawaza. Mwenye nyumba, Bi Rukia, alikuwa akiugua kifua tangu mwezi wa kwanza. "Ya Rabbi, bibi wa watu," akanong'ona, na machozi yakamtoka palepale, kwa sababu yule bibi, pamoja na ukali wake wote wa kodi, alikuwa akimpa Twaiba visheti. Akaingia ameinama, akatoa makiwa kwa sauti ya kukatika, wanawake wakamwitikia, wakamsogezea nafasi. Akamlaza mtoto mkekani, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akalia sawasawa.

Mwanamke wa pembeni yake akamshika bega. Alikuwa wa kutoka bara, kwa usemi wake, mwenye mkoba mkubwa uliojaa nguo za mitumba.

"Pole, dada. Jikaze. Mimi naitwa Judy. Wewe ulikuwa unamjua sana?"

"Tukiishi nyumba moja," Mwanasha akasema kwa kwikwi.

"Woiye! Basi umeumia kuliko sisi. Sisi tulikuwa tunamjua kwa simu tu."

Mwanasha akaacha kulia kidogo. Bi Rukia hakuwa na simu. Alikuwa akiamini kwamba simu hunyonya macho. "Kwa simu?"

"Si ndiyo? Mwanasha. Msimamizi wetu."

"Mwanasha yupi?"

"Mwanasha ni mmoja tu, dada," Judy akasema kwa heshima, akatoa simu yake. "Mrembo kama malaika. Ona."

Juu kabisa ya Soko la Ukunda palikuwa na picha ya Mwanasha siku ya harusi yake, amepakwa, amepambwa, amechorwa nyusi ambazo Mungu hakumpa. Chini yake Kache alikuwa ameandika: "Mwanasha, msimamizi wetu mpendwa. Tumchangie." Ikafuata namba ya kupokelea mchango. Na chini kabisa palikuwa pamefungwa, hakuna anayeweza kuandika neno.

Hapo ndipo Mwanasha alipoelewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka desturi ile. Picha ya mtu hupandishwa juu kwa msiba tu. Majibu hufungwa kwa msiba tu, ili watu wasiuze mkaa chini ya marehemu. Na mchango usio na maelezo ni wa sanda. Kache, kwa haraka zake za kuwahi kazini, alikuwa ameandika tanzia kamili bila ya kumuua mtu. Na Kache wakati huu alikuwa kwenye mashuka, simu yake imefungiwa kabatini kama kawaida ya hoteli.

"Simu ya marehemu tumepiga weee, imezimwa," Judy akanong'ona. "Mumewe alikuwa Lunga Lunga, akitengeneza friji ya bucha. Akasema mkewe aliaga anakwenda Msambweni. Basi majirani wakapanda pikapu wote, wamekwenda Msambweni kuufuata mwili. Na yeye yuko njiani anawafuata."

"Lakini mimi..." Mwanasha akaanza.

"Shh," Judy akasema, akimpa kitambaa. "Mzee anasimama."

*

Aliyesimama alikuwa Maalim Abdulwahab, mwalimu wa madrasa aliyestaafu, ambaye jukwaani alijulikana kwa kumkosoa kila mtu aliyeandika vibaya. Alikohoa, akasalimu, ua mzima ukaitikia.

"Ndugu zangu, kabla mwili haujafika, tutimize la wajibu. Kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aseme sasa, tumfungulie njia yake."

Mwanasha alikuwa tayari amepiga goti ainuke, aseme, yaishe. Tena alikuwa akimfikiria Swabir huko barabarani, na moyo ukamchoma. Lakini hapo akasimama mtu aliyemjua kwa jina tu, na jina hilo lilimkera miezi mingi.

"Mimi naitwa Jefwa, nauza mbuzi. Nakaa Kinango. Marehemu alinifungia wiki nzima nisiandike. Lakini nimemsamehe."

"Alikufungia kwa kosa gani?" Maalim akauliza.

"Nilitangaza mbuzi wa maziwa."

"Hilo si kosa."

Jefwa akajikuna shingo. "Alikuwa beberu."

Upande wa wanawake mtu mmoja akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika, na haikuwa kwa huzuni. Maalim akatazama juu mpaka midomo yake ikatulia.

"Ati *yeye* ananisamehe *mimi*," Mwanasha akanong'ona kwa hasira, akaketi tena.

"Umesema?" Judy akauliza.

"Nimesema innalillahi."

Akasimama Nassir, muuza samaki, jitu la miraba minne, macho yamemvimba. Mikononi alikuwa ameshika mfuko uliokuwa ukivuja maji. "Mimi hanidai wala simdai," akasema. "Hapana. Ananidai. Nilikuwa namtumia picha za samaki alfajiri, kabla ya adhana. Zinaidhinishwa papo hapo. Nikifika sokoni wateja wananingoja. Leo nimetuma pweza, hakuidhinisha. Nikajua. Moyo wangu ulijua." Sauti ikamkatika. "Nimemletea pweza mwenyewe."

Mwanasha alimtazama pweza yule ndani ya mfuko, akatokwa na chozi la kweli. Alikuwa amemchukia Nassir kila alfajiri ya Mungu.

"Halafu alikuwa analipwa na nani?" Judy akauliza kwa sauti, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kunyamaza. "Mtu wa kuamka saa hizo lazima ako na mshahara."

"Na kampuni," Jefwa akasema. "Si wale wenye jukwaa lenyewe, huko Ulaya?"

"Hawamjui hata jina," mwanamke mmoja akadakia. "Halipwi. Mwezi uliopita aliandika kuomba."

"Aliomba? Sikuona," akasema mwanamke mwingine.

"Hukuona? Wewe ndiye uliyemuuliza kama anauza mkaa!"

Aliyeambiwa akajikunyata. Mtu mmoja akasema alifanya kwa mapenzi. Judy akauliza ni mapenzi gani ya kabla ya adhana, hata mume hapewi. Watu wakamwambia astahi, huu ni msiba, naye akasema pole, lakini swali liko palepale.

"Mimi naona," Jefwa akasema, "msimamizi akianza kulipwa, kila mtu atataka. Mimi ninawatumia nyote picha ya maua kila asubuhi, na salamu. Nani ananilipa?"

"Jefwa, wewe tutakulipa uache."

"Na mimi nina wasiwasi mwingine," akasema Nassir, amemkumbatia pweza wake. "Kama tunaouza ndio tunaolipa, msimamizi atampendelea anayelipa zaidi. Mimi nitalipa nyingi, samaki wangu wawe juu. Najijua."

"Angalau unajijua," Maalim akasema. Akaketi kwenye ukingo wa benchi, akaiweka mikono magotini. "Nisikilizeni. Nimesomesha madrasa tangu ndevu zangu nyeusi. Sikuwahi kuwa na mshahara. Lakini kila Alhamisi mtoto alikuja na ada yake. Huyu senti, huyu yai, huyu kibaba cha mchele. Yule mtoto wa tajiri alileta sawa na mwenziwe, na akizembea alikula bakora vilevile. Hakuna aliyesema nimenunuliwa. Na mimi nikala. Kumbe sisi tumemla huyu binti wa watu bure, kama maji ya mvua."

Kila hoja ambayo Mwanasha alikuwa ameipanga kichwani usiku kucha, akashindwa kuiandika bila ya kuomba samahani, ilikuwa imesemwa mbele yake na watu wasiojua kwamba anasikia.

"Basi nauliza mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya mikeka hii," Maalim akasema. "Kila muuzaji alete ada kidogo, sawa kwa sawa, kila mwisho wa mwezi. Msimamizi apate bando na kitoweo. Na Ijumaa apumzike. Nani anaunga mkono?"

Mikono ikainuka uani kote. Jefwa akainua wake mwishoni, nusu nusu. Mwanasha aliinua miwili.

Judy akamshusha mmoja taratibu. "Mmoja mmoja, dada. Najua una uchungu."

"Imepita," Maalim akatangaza. "Na asiyetimiza, deni hili liko shingoni mwake. Sasa, marehemu ametutoka. Nani atashika nafasi yake?"

Watu wote wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Nassir alikumbuka kwamba pweza hakai sana bila barafu. Jefwa akasema Kinango mtandao ni mbovu. Yule mwanamke wa mkaa akasema yeye hajui kusoma, na hali ndiye aliyeandika.

"Ati kuamka alfajiri?" Judy akasema. "Hata kwa hiyo ada, mimi siwezi. Yule alikuwa mtu wa aina yake."

Ilikuwa wakati wa kusema. Mwanasha alijua. Kila dakika iliyopita ilikuwa ikimgeuza kutoka mtu aliyeonewa kuwa mtu anayekunywa chai ya matanga yake mwenyewe. Lakini utaanzaje? Mtu asimame, asalimu, aseme jamani mimi ndiye? Na nyusi zake hizi za kawaida, nani angemwamini? Akavuta pumzi. Akaachia. Akavuta tena.

*

"Nimempata mumewe," kijana mmoja akasema, akimpelekea Maalim simu.

Maalim akaiweka sauti juu ili ua wote usikie. Kwanza ulisikika upepo na muungurumo wa pikipiki iliyosimamishwa kando ya barabara. Halafu ikaja sauti ya Swabir, nyembamba, ya mtu aliyelia mpaka akakauka.

"Maalim. Nimefika Msambweni. Wanasema hayupo. Hospitali hayupo, kwa ndugu yangu wanasema aliondoka mzima. Majirani wako hapa, wote wanalia, hakuna anayejua chochote. Maalim, mke wangu yuko wapi?"

"Subira, mwanangu. Subira. Nakupigia kukwambia kwamba jukwaa limekaa. Tumeamua marehemu alipwe haki yake, yeye na kila atakayefuata. Watu wote wameinua mikono."

"Sitaki malipo!" Swabir akapiga kelele, na wanawake wakainamisha vichwa. "Mimi ndiye niliyemwambia aliache. Leo alfajiri, kwa sababu ya pweza. Nilimpa mpaka Ijumaa, kama mwenye nyumba! Aendelee tu, Maalim. Aamke saa anazotaka. Bando nitanunua mimi. Niambie tu yuko wapi."

Mwanasha alikuwa ameshasimama. Mtandio ulikuwa umemwanguka mabegani, mdomo uko wazi, lakini sauti haikutoka. Ilikuwa imezibwa na kilio na kicheko, vyote viwili kwa pamoja. Judy alimshika mkono akidhani anazimia. Ua mzima ulimgeukia. Na pale mkekani, Twaiba, aliyeamshwa na sauti ya baba yake, akaketi, akafikicha macho, akatambaa kati ya magoti ya watu mpaka kwa Maalim, akaisogelea simu kwa mdomo kabisa.

"Baba, usilie, mama amesimama hapa."